Midomo Mitatu ya Kuazima

Hapa Mafiga, Morogoro, hakuna mwanamke anayeijua katiba ya klabu yetu kama mimi Eufrazia. Naijua kwa kichwa, mwanzo hadi mwisho, hata ukiniamsha usingizini. Ni kweli katiba yenyewe ni ukurasa mmoja, na robo ya chini imeliwa na panya. Lakini hiyo aliyoisaza panya, naijua.

Kwa ninyi ambao gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa maandazi kabla hamjalisoma, nawapa kwa kifupi. Klabu yetu ya ngoma inaitwa Tupendane. Ina wanawake kumi na watano, Wakristo na Waislamu, na sare yetu ni khanga ya kijani. Mimi, kwa kiherehere changu, nilikwenda harusini Dumila nikaikuta klabu ya kule imepungukiwa mchezaji mmoja. Wakaniomba. Nikavaa khanga yao nyekundu, nikaingia mstarini.

Nilicheza vizuri kuliko ninavyocheza kwetu, na hilo ndilo lililoniponza. Mbele kabisa, na sahani ya pilau mapajani, alikuwa amekaa mwenyekiti wetu, Scholastika. Hakuacha kula. Hakuacha kunitazama.

Jumatatu akaja mlangoni kwangu, hata kiti hakukitaka.

"Dada Eufrazia, Jumapili saa tisa tuna mkutano. Ajenda ni moja."

"Ipi hiyo?"

"Wewe."

Sijawahi kuwa ajenda maisha yangu yote. Kwa dakika moja hivi nilijisikia mtu mkubwa. Kisha akanieleza kwamba mwanachama mwenye mguu huku na mguu kule hufutwa jina, na kwamba wanachama watapiga kura nifutwe au nibaki.

Utasema, kikongwe mwenye miaka sitini na mbili, akifutwa kwenye ngoma kuna hasara gani? Akapumzishe magoti. Ngoja nikwambie.

Klabu yetu mwanachama akifa, wenzake wote wanakuja na ngoma zao na khanga za kijani. Wanamlaza, wanamwimbia mpaka alfajiri, wanamsindikiza. Mwanamke mwenye watoto saba anaweza kuikosa klabu na bado akaliliwa. Mimi sikuzaa. Nilichozaa ni maneno. Dada yangu aliacha mtoto mmoja, ambaye kwa sisi Waluguru ni mwanangu kabisa, lakini alikwenda kwenye mkonge Tanga mwaka wa uhuru, na barua yake ya mwisho ilikuwa inauliza kama nimeshakufa.

Kwa hiyo nikifutwa Tupendane, siku yangu ikifika nitazikwa na balozi wa nyumba kumi na mbwa wake. Na yule mbwa hanipendi.

Nikakaa kibarazani, nikaanza kuhesabu kwa punje za mahindi. Scholastika ana watu saba, na yeye mwenyewe ndani. Mimi nina watano, na mimi mwenyewe ndani. Watatu hawapo. Mwaisha yuko kitandani, mguu umevimba. Cecilia amepanda mlimani kwenye bustani zake za kabichi. Kristina amekwenda Gairo kwa binti yake aliyeolewa huko.

Saba kwa tano. Nikazitazama punje mpaka kuku akaja akamla mfuasi wangu mmoja.

Hapo ndipo katiba ikanijia kichwani. Kifungu cha saba kinasema mwanachama aliye mgonjwa au safarini anaweza kumtuma mwenzake apige kura kwa niaba yake, kwa barua yenye sahihi au dole gumba. Wenyewe hatukuiita kura kwa niaba, maana ni maneno marefu. Tuliiita mdomo. Fulani kaniachia mdomo wake, basi.

Nikipata midomo yote mitatu, nina nane. Nikipata miwili tu, ni saba kwa saba, na kifungu cha tano kinasema kura zikilingana, upande wa mwenyekiti ndio unaopita. Panya amekula vifungu vingi, lakini hicho cha tano alikiacha.

Nikaanza na wa karibu. Mwaisha nilimkuta amelala, mguu juu ya gunia la pumba.

"Shoga, nimekuja kukuazima mdomo."

"Wa kwako umechakaa?"

"Umepelekwa mahakamani."

Nikamweleza. Alikuwa anajua yote. Mafiga hakuna habari inayongoja kuelezwa.

"Nitakupa," akasema. "Lakini mdomo wangu ukaseme neno moja tu. Abaki. Usiutie chumvi."

"Mimi nimetia chumvi lini?"

"Tangu nilipokufahamu, mwaka ule wa nzige. Uliwahesabu ukasema ni elfu tisa na mmoja."

Nikaandika barua mwenyewe, kwa mwandiko wangu wa darasa la nne kwa masista. Wino wa kubonyezea hatukuwa nao. Nikakwangua masizi chini ya sufuria, nikayalainisha kwa tone la mafuta ya taa, Mwaisha akachovya dole lake akabonyeza. Likatoka safi, na mistari yake yote kama shamba lililolimwa kwa matuta.

Mdomo wa kwanza ukaingia kifuani.

Alhamisi nikapanda mlima. Nimezaliwa kwenye mlima ule, na utotoni nilikuwa naupanda mbio na mtungi kichwani. Nilidhani utanikumbuka. Haukunikumbuka. Kila kona nilikaa chini nikijifanya natazama mji, na wanawake wanaoteremka na matenga ya karoti wakanipita wakienda sokoni, wakanipita tena wakirudi.

"Shikamoo bibi. Bado unatazama mji?"

"Marahaba. Bado haujaisha."

Cecilia nilimkuta bustanini, anapalilia na wenzake sita au saba katika mteremko ambao ukipiga chafya unaamkia bondeni. Aliponiona hakunyanyua mgongo.

"Dada Eufrazia. Najua ulichofuata."

"Basi nipe nirudi, jua linazama."

"Wimbo," akasema.

Nilijua wimbo gani. Mwaka juzi, katika ngoma ya mavuno, nilitunga wimbo wa kumsengenya mumewe Yakobo, ambaye ni msahaulifu kidogo. Watu waliupenda mno. Yakobo alikaa miezi miwili bila kushuka mjini.

"Cecilia mdogo wangu, ule ulikuwa utani."

"Hata mimi nautaka kwa utani. Uimbe hapa, mbele ya hawa. Jina la Yakobo litoe. Weka la kwako."

Wenzake wakaacha majembe. Yakobo mwenyewe akachomoza nyuma ya mgomba, sijui alikuwa huko tangu lini, akakaa juu ya jiwe kwa raha zake.

Nikasimama katikati ya kabichi, nikakohoa, nikaimba.

"Eufrazia kaenda mtoni, ndoo kaisahau. Karudi kuchukua ndoo, mto kausahau."

"Hatusikii huku," akasema Yakobo.

Nikaimba tena. Wakapokea. Mama mmoja akapiga makofi, mwingine akapiga debe la kumwagilia, na mara ya nne nikajikuta nacheza, maana mwili wangu mimi ukisikia mdundo hauulizi nani anachekwa. Nasikia mpaka leo huko juu wanauimba wakilima, na hakuna anayekumbuka kwamba uliwahi kuwa wa Yakobo.

Cecilia akafuta machozi ya kicheko kwa kiwiko, akabonyeza dole lake kwenye barua. Masizi hakuyahitaji. Udongo mwekundu wa kidoleni ulitosha.

"Nibaki?" nikamuuliza, ili nihakikishe.

"Ubaki. Nani mwingine atatuchekesha?"

Mdomo wa pili.

Mlima niliuteremka kwa makalio sehemu kubwa ya njia, lakini barua haikupata hata mkunjo. Ijumaa nilishindwa kunyanyuka kitandani. Jumamosi asubuhi nikapanda basi mpaka Dumila, nikangoja jingine la kunipeleka Gairo.

Nikangoja. Wauza mahindi ya kuchoma wakanizoea. Mmoja akaniachia mzigo wake, akaenda kula, akarudi. Saa nane lori likasimama, limetoka njia ya Dodoma, na dereva wake ni Fransisko, kijana wa Mafiga ambaye mama yake namfahamu.

"Shikamoo mama mkubwa. Unangoja nini?"

"Basi la Gairo."

"Basi la Gairo nimelipita limeinama pembeni kama linasali. Ekseli imekatika. Leo halifiki, na kesho sidhani."

"Wewe umetoka Gairo?"

"Nimetoka huko."

"Kristina umemwona? Yule wa ngoma, aliyekwenda kwa binti yake."

"Nimemwona sokoni. Mzima, anacheka na watu. Kanipa salamu za Mafiga nzima."

Nikamtazama Fransisko. Nikalitazama lori lake, ambalo pua yake ilikuwa imeelekea Morogoro.

Wasomaji wangu, hapa nataka mnisikilize kwa huruma. Kristina ni rafiki yangu. Tulianza klabu pamoja. Kama ningefika Gairo angenipa mdomo wake, tena na karanga za kutafuna njiani. Salamu za Mafiga nzima, na mimi si wa Mafiga? Salamu zangu zilikuwa ndani. Na mtu anayekutumia salamu anakutakia mema. Na mema yangu yalikuwa ni kubaki klabu. Kwa hiyo, ukiliangalia jambo vizuri, Kristina alikuwa amekwisha kupiga kura.

Nikalitazama jambo lile vizuri hivyo hivyo, kutoka Dumila mpaka Morogoro, nimekaa mbele kwa Fransisko. Tulipofika nilikuwa nimekwisha kumpa Kristina ruhusa ya kunipa ruhusa.

Usinihukumu peke yangu. Lori lile lilikuwa linatikisika sana, na mawazo yalikuwa yanachanganyika.

Jumapili nikaandika barua ya tatu. Ikaja vizuri kuliko zile mbili za kweli. Nilimwandikia Kristina maneno ambayo Kristina hajawahi kuyasema: "Dada yangu mpenzi Eufrazia ni nguzo ya klabu." Nikasoma, nikaguswa. Kisha nikakwangua masizi, nikachovya gumba, nikabonyeza.

Misa nilikwenda. Wakati wa komunyo nikabaki kwenye benchi. Foleni za sukari zilishanifundisha kujua foleni ambayo sina haki nayo.

Saa tisa tukakutana katika banda la kisomo cha watu wazima, kwa sababu lina mabenchi. Ubaoni bado kulikuwa na somo la juzi, "baba analima, mama analima", na mtu alikuwa amechora kuku pembeni. Wanawake kumi na wawili, nami ndani. Kwa vile mashtaka yalikuwa ya Scholastika, ilikubaliwa asisimamie kura mwenyewe. Akaombwa Mwalimu Andrea, anayefundisha kisomo humo bandani. Ndiye aliyetuandikia katiba. Mtu mpole, mwenye miwani iliyofungwa uzi, asiye na upande.

Scholastika akasimama akaeleza. Alieleza haki, sitamsingizia. Alisema mimi ni mchezaji hodari, na ndiyo maana ilimuuma. Kama ningecheza vibaya Dumila angesamehe.

"Mke asiyejua kupika akipika kwa jirani, nani atajali?" akasema. "Lakini huyu anajua kupika."

Wanawake wakaguna. Hata mimi niliguna, mpaka nikakumbuka ni mimi.

Wakanipa nafasi. Nikasema kwa kifupi, jambo ambalo liliwatia watu wasiwasi. Nilisema nilikosea kuvaa nyekundu, sikuchukua shilingi ya mtu, na kwamba nikifa nataka nisindikizwe na kijani. Hapo sauti yangu ilikwaruza bila mimi kuiambia. Nikaona mmoja wa watu wa Scholastika anachezea pindo la khanga yake.

"Wanaotaka afutwe," Mwalimu akasema.

Mikono saba.

"Wanaotaka abaki."

Mikono mitano, wangu ukiwa juu kuliko yote.

"Basi jambo limekwisha," Scholastika akasema, akaanza kujifunga khanga ya kuondokea.

"Halijaisha," nikasema. "Kifungu cha saba, mwalimu. Nina midomo."

Nikaingiza mkono kifuani, nikatoa karatasi tatu, nikaziweka mezani moja moja kama mtu anayecheza karata. Banda likachangamka. Nilijisikia mwanasheria.

"Mdomo wake mmoja tu ulitutosha," akasema mtu nyuma, "sasa ana minne."

Mwalimu akaisoma ya Mwaisha. "Mgonjwa, tunajua. Abaki. Inakubaliwa."

Akaisoma ya Cecilia. Akaupangusa udongo kidogo, akacheka. "Huu ni udongo wa juu kabisa. Abaki. Inakubaliwa."

Saba kwa saba. Scholastika akakaa tena.

Akaichukua ya Kristina. Akaisoma kimya. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Mama Eufrazia, hii ya Mama Kristina ina dole gumba."

"Ndiyo, mwalimu. Katiba inaruhusu."

"Inaruhusu. Lakini Mama Kristina alihitimu humu ndani mwezi wa tatu. Cheti nilimkabidhi mimi. Palitakiwa sahihi moja, akatia tatu. Akasema kuanzia leo dole gumba langu limestaafu."

Wanawake wakacheka, kwa sababu wao walikuwepo siku hiyo ya vyeti. Mimi sikuwepo. Mimi msomi wa masista nilisema siendi kuwapigia makofi watu wazima kwa kuandika a, e, i, o, u.

Mtu mwenye akili, hapo hapo, angesema nisameheni. Njia ilikuwa wazi, pana, haina hata jiwe. Nikaiacha.

"Hayo ni kweli, mwalimu," nikasema. "Ila anaumwa."

"Anaumwa? Nani kakwambia?"

"Nimetoka huko jana. Anaumwa sana, maskini."

"Anaumwa nini?"

Macho yangu yakazunguka banda zima yakitafuta ugonjwa. Yakamwona yule kuku wa ubaoni, hakunisaidia. Nikafikiria Gairo. Gairo kuna nini? Gairo kuna karanga.

"Kidole," nikasema. "Ni karanga, mwalimu. Mwaka huu zimekubali mno kule. Amebangua magunia na magunia, mpaka kidole kimevimba hivi, kama muhogo. Kalamu haishikiki. Alijaribu kuandika mbele yangu, akalia."

"Masikini Kristina," akasema mtu.

"Ulikiona mwenyewe?" Mwalimu akauliza.

"Nilikishika kwa mkono wangu huu."

Na kwa hilo, wasomaji, sikusema uongo. Kidole kilichoibonyeza ile karatasi nilikuwa nimekishika asubuhi ile ile, na nilikuwa bado ninacho.

Nikaona banda linalainika. Wanawake wote tumebangua karanga, tunajua zinavyouma. Mmoja akasema apelekewe maji ya chumvi akandie. Scholastika mwenyewe, mwanamke wa haki, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Kidole gani hicho?" akauliza. "Maana mimi karanga huniumiza hiki cha shahada."

Nilikuwa nimeshinda. Nane kwa saba zilikuwa mlangoni zinavua viatu. Kilichobaki ilikuwa ni kunyamaza. Lakini mimi nikionewa huruma huwa sishibi.

"Wewe unabangua kizembe," nikamwambia. "Mbanguaji wa kweli hubangulia gumba. Gumba lake la kulia ndilo limekwisha kabisa. Hata kijiko haligusi. Ukiligusa tu anapiga kelele."

Mwalimu Andrea akaiinua barua ya Kristina, akaenda nayo dirishani, akaitazama katika mwanga. Dole lile lilikuwa zuri, la mviringo, halina uvimbe, mistari yake yote imekaa. Akarudi nalo polepole, akawageuzia wanawake waone.

"Mama Eufrazia," akasema kwa upole, kama anavyosema na mwanafunzi aliyekosea herufi moja, "sasa hapa amebonyeza kidole gani?"

Nikasikia benchi moja linalia. Alikuwa Scholastika, anasimama. Akaja mpaka mbele yangu, akanyoosha mkono kama anayetaka kunisalimia.

"Dada," akasema, "hilo gumba ulilolishika, hebu nipe nami nilishike."